Mizani ya Nyumbani na Mizani ya Ghalani: Kiongozi Anajipimaje?

Huku kwetu Newala ukitaka kumuudhi mtu mzima huna haja ya kumtukana. Mwambie tu kwamba hajitambui. Atanyamaza kidogo, kisha atakuuliza wewe ni nani hata umwambie hivyo, na soga la siku hiyo litakuwa limekwisha. Neno hilo linachoma kwa sababu mtaani linagusa hadhi. Anayejitambua ni yule anayejua umri wake, heshima yake na mahali pake pa kukaa. Binti anayejitambua hahadaiwi na zawadi ya simu. Mzee anayejitambua habishani na vijana kijiweni.

Miaka ya karibuni neno hilohilo limeingia kwenye semina za uongozi likiwa na mzigo mwingine kabisa. Mwezeshaji akisema kiongozi lazima ajitambue, anakusudia kwamba kiongozi ajue tabia zake, hasira zake, mazoea yake, na hasa namna mambo hayo yanavyowapata watu anaowaongoza. Hazungumzii hadhi hata kidogo. Nimekaa kwenye semina za namna hiyo, za walimu na za viongozi wa ushirika, na kila mwezeshaji anapouliza nani hapa anajitambua, mikono yote hupanda. Nisingewalaumu. Wanajibu swali la mtaani, na kwa swali la mtaani wanasema kweli: wanajua vyeo vyao na hadhi zao. Swali la semina halijajibiwa na mtu yeyote.

Yako pia maneno mawili ya jirani ambayo huchanganywa na hili. Kujiamini ni nguvu ya kusimama mbele za watu. Mtu anaweza kujiamini kupita kiasi huku hajui lolote kuhusu nafsi yake. Kujitathmini ni kazi, tena kazi yenye kipimo: unakaa, unaweka mbele yako kile ulichosema utafanya, unalinganisha na kilichofanyika. Mtu anaweza kujaza fomu za tathmini kila mwaka mpaka anastaafu bila kujitambua. Na mwingine anaweza kujitafakari kila usiku akiwa kitandani, asiwahi kujipima hata siku moja, kwa sababu mawazo ya kitandani hayana kipimo.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka kumi na moja, na tangu nistaafu ni mjumbe wa bodi ya chama chetu cha msingi cha ushirika, AMCOS kama tunavyoiita. Nilichokielewa kuhusu jambo hili nilikielewa vizuri zaidi ghalani kuliko darasani, kwa hiyo naomba nianzie huko.

Msimu wa korosho ukifunguliwa, kwenye Oktoba, mkulima wa Mtwara hupima mzigo wake zaidi ya mara moja. Kwanza nyumbani, kwa mizani ya kuning'iniza kama anayo, au kwa kukadiria kwa ndoo. Kisha anaupeleka AMCOS, unapandishwa kwenye mizani ya chama, anaandikiwa kilo zake. Kutoka hapo magunia yanapakiwa lori kwenda ghala kuu, yanapimwa tena, ndipo mnada uitishwe. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huandikiwa mzigo wake kisha ukauzwa mnadani ukiwa ghalani, uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, hesabu ya nyumbani haimalizi neno. Inayolipwa ni ya ghalani.

Namba hizi karibu kila mara hupishana, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Mkulima aliyepima kilo 84 nyumbani akiambiwa 81, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba ameibiwa. Mara nyingine ni kweli, hatuwezi kulificha hilo. Mizani mbovu na makarani wasio waaminifu tumewaona. Lakini mara nyingi kilichotokea ni unyaufu: korosho haikuanikwa ikakauka sawasawa, imekaa siku kadhaa, maji yametoka, uzito umepungua. Na mara nyingine mizani ya nyumbani ndiyo ilikuwa imelegea springi siku nyingi, mwenyewe hajui, kwa kuwa hajawahi kuilinganisha na nyingine.

Kiongozi naye ana mizani yake ya nyumbani. Ndiyo picha aliyonayo kichwani kuhusu yeye mwenyewe: mimi ni msikivu, mimi ni mkali lakini wa haki, mimi sina upendeleo. Walio chini yake nao wana mizani yao. Zikipishana, anachofikiria kwanza ni kwamba ameibiwa: wananichukia, wanataka kiti changu, wamepandikizwa. Inawezekana. Lakini kabla hajafika huko, ni vyema ajiulize kama mizani yake mwenyewe iliwahi kulinganishwa na nyingine yoyote.

Watafiti wa saikolojia wamelishughulikia swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora mraba wenye vyumba vinne ambao unajulikana kama Dirisha la Johari. Msomaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo atafikiri ni johari, kito cha thamani. Sivyo, waliunganisha tu majina yao ya kufupisha, Joe na Harry. Chumba cha kwanza kina yale unayoyajua kuhusu nafsi yako na wenzako wanayajua. Cha pili kina yale unayoyajua wewe peke yako, uliyoyaficha. Cha tatu kina yale ambayo wenzako wanayaona na wewe huyaoni. Cha nne kina yale ambayo hakuna ayajuaye bado. Wazee wetu walikisema chumba cha tatu zamani kwa lugha kavu zaidi: nyani haoni kundule. Hicho ndicho chumba kinachowaangusha viongozi, na huwezi kukiingia peke yako kwa kutafakari hata ukifunga siku arobaini. Ufunguo wake wanao wengine.

Hapa ndipo mafunzo mengi ya uongozi yanapokosea, nadhani. Yanamfundisha mtu kukaa kimya na kujitazama ndani, kana kwamba ukweli wote umo humo. Mwaka 2010 mtafiti Simine Vazire alilinganisha namna watu wanavyojijua wenyewe na namna rafiki zao wanavyowajua, kisha akawapima kwa majaribio halisi. Katika mambo ya ndani, kama wasiwasi na hofu, mwenyewe ndiye aliyejua zaidi. Rafiki hawezi kuuona moyo wako unavyodunda. Lakini katika yale yanayogusa sifa, kama akili na ubunifu, rafiki ndio waliokuwa karibu zaidi na ukweli, maana hapo mwenyewe ana maslahi. Nikitafsiri kwa lugha ya kazi yangu ya zamani: mwalimu mkuu anajua kuliko mtu yeyote kwamba anaogopa ukaguzi. Kama anaongoza vizuri, hilo waulizeni walimu.

Utafiti mwingine unaotajwa mara kwa mara ni wa mwaka 1999, wa Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell. Waliwapa wanafunzi mitihani ya mantiki, sarufi na mengineyo, kisha wakawauliza wanadhani wamefanyaje wakilinganishwa na wenzao. Wale wa robo ya mwisho, ambao kwa wastani matokeo yao yaliwapita watu kama 12 tu katika kila 100, walijiona wamewapita watu 62. Sababu waliyoitoa inauma: ujuzi unaohitajika kufanya jambo vizuri ndio huohuo unaohitajika kujua kwamba umelifanya vibaya. Asiyejua kuendesha kikao hajui pia kwamba kikao chake kimeharibika. Anatoka nje akiwa na furaha.

Sehemu ya pili ya utafiti huo haitajwi sana, nami naiona ni muhimu vilevile kwa huku kwetu. Wale waliofanya vizuri kuliko wote walijishusha. Walidhani wenzao nao wameyaweza yale yaliyokuwa mepesi kwao. Nitarudi kwa hilo, maana nina mtu namfikiria.

Kwanza cheo. Mtu wa kawaida ana chumba chake cha tatu, lakini kila siku kuna wa kumgongea: mke, mume, ndugu, jirani wa kisimani. Kiongozi anapopanda, wagongaji wanapungua. Mwenyekiti wa AMCOS akisema jambo lisilo na maana, wajumbe wanatazama meza. Akitania, wanacheka kuliko utani wenyewe. Baada ya miaka mitatu anaamini kwamba ana hekima na ana ucheshi. Na kuna ushahidi kwamba cheo kinafanya kazi hata ndani ya kichwa cha mwenye nacho. Mwaka 2006 Adam Galinsky na wenzake waliwaomba watu wachore herufi E kwenye paji la uso wao wenyewe. Waliokuwa wametangulia kukumbushwa wakati walipokuwa na mamlaka juu ya wengine walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuichora ili isomeke kwao wenyewe, na kwa aliye mbele yao ikawa kinyume. Kumbuka kwamba hao walikumbushwa tu mamlaka. Sasa fikiria mtu ambaye amekuwa nayo kwa miaka kumi.

Nami E yangu niliichora kinyume kwa muda mrefu. Nilikuwa naamini kwa moyo wote kwamba shule yangu inaongozwa kwa vikao. Kila uamuzi nilikuwa naupeleka kwa walimu. Nilijivunia hilo, nililisema hata mbele ya wakubwa wangu. Katika mwaka wangu wa nne alifariki mjomba wangu, na kwetu Wamakonde wa huku mjomba ni mzazi hasa. Walimu wote walikuja msibani. Siku ya pili watani wakaanza kazi yao. Mmoja, mtu mzima kutoka upande wa Masasi, akaazima kanga, akajitanda kama mimi, akashika daftari, akavaa miwani ya mzee mmoja aliyekuwa kwenye mkeka. Akasimama mbele ya watu akasema: "Haya walimu wangu, nani ana wazo?" Mtu akafungua mdomo. "Ahsante sana, wazo zuri, basi tumekubaliana kama nilivyosema." Akafunga daftari. Akarudia mara tatu.

Uwanja mzima ulicheka. Waliocheka kuliko wote ni walimu wangu, nao walijitahidi kugeuza nyuso. Nilitoa pesa ya mtani kama desturi inavyotaka ili aniache, nikatabasamu, nikakaa. Usiku sikulala. Kilichonisumbua zaidi ya aibu ni swali moja: yule mtani hajawahi kukanyaga shuleni kwangu, alijuaje? Jibu lilikuwa moja tu. Walimu walikuwa wanayasema nje mambo yote waliyoshindwa kuniambia ndani. Chumba changu cha tatu kilikuwa kinajulikana mpaka Masasi.

Utani ni chombo kikubwa, na nasikitika kwamba tunauacha ubaki msibani. Wazee walielewa kwamba mkubwa haambiwi ukweli na mdogo wake, kwa hiyo wakaweka kabila zima la watu wenye ruhusa ya kumwambia, tena siku ambayo haruhusiwi kukasirika. Ofisi zetu zimejengwa bila nafasi hiyo.

Niliporudi kazini nilijizuia kufanya kile nilichotamani, yaani kuitisha kikao na kuomba radhi kwa hotuba. Ingekuwa dakika arobaini nyingine za mimi kuzungumza. Nilimwita mwalimu wa taaluma, nikamwomba kwenye kikao kinachofuata akae na saa yake na aandike kimya kimya muda ninaotumia mimi na muda wanaotumia wengine. Kabla ya kikao niliandika makadirio yangu kwenye karatasi: nusu kwa nusu. Alichoniletea ni kwamba nilizungumza karibu robo tatu ya muda, na mara sita niliwamalizia watu sentensi zao. Mara sita. Ningeapa kwamba sijafanya hata mara moja.

Karatasi ile ilinifundisha tofauti kati ya kutafakari na kujitathmini. Kutafakari kungenipeleka kwenye swali la kwa nini niko hivi: labda kwa sababu ya malezi, labda kwa sababu mwanamke akiongoza wanaume inabidi aharakishe kabla hawajamkatiza. Huenda yote ni kweli. Tasha Eurich, ambaye amewachunguza watu wengi waliofanikiwa kujitambua, anaeleza kwamba swali la kwa nini mara nyingi hutuzalishia majibu yanayopendeza badala ya majibu ya kweli, na kwamba waliofaulu walijiuliza zaidi nini: nini kilitokea, nini nakifanya, nini nitabadilisha. Kiswahili kinatusaidia hapo, maana anayeulizwa kwa nini huanza kujitetea, na anayeulizwa nini huanza kuhesabu.

Kuuliza wengine nako kuna ufundi wake. Ukiwakusanya walio chini yako na kuwauliza mnanionaje, jibu ni moja kuanzia Mikindani mpaka Liwale: "Uko vizuri, Mwalimu." Wengi huiita tabia hiyo unafiki au woga. Mimi siikubali hukumu hiyo moja kwa moja. Kijana aliyelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo na kupokea kitu kwa mikono miwili hawezi kumwambia mkubwa huyo usoni kwamba amekosea, na asipoweza anaonyesha adabu tuliyomfundisha wenyewe. Kazi ya kufungua njia ni ya mkubwa. Kuna njia kadhaa nilizozijaribu. Ya kwanza ni kuuliza kuhusu jambo mahususi lililotokea: jana kwenye kikao, ni wapi niliharakisha? Swali hilo linajibika bila kumvunjia mtu heshima. Nyingine ni kumuuliza asiye na cha kupoteza, kama mwalimu aliyepata uhamisho au mzee aliyestaafu. Iliyonifaa kuliko zote ni mshenga. Tunajua kwamba maneno mazito ya posa hayapelekwi na mhusika; hupelekwa na mtu wa kati anayeaminiwa na pande zote mbili. Nilimpata mama mmoja wa rika langu, mpishi wa shule, ambaye walimu walikuwa wanamwambia mambo. Kila mwisho wa muhula alinikusanyia maneno na kuniletea bila majina. Sikuwahi kumuuliza nani kasema. Siku ningeuliza, mshenga angekufa.

Lakini maoni ya watu si dawa inayoponya kila anayeinywa. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi za mrejesho kazini na shuleni, wakakuta kwamba kwa wastani unasaidia, ila katika zaidi ya theluthi moja ya matukio utendaji ulishuka baada yake. Maelezo yao ni kwamba mrejesho unapoielekeza akili ya mtu kwenye kazi, unasaidia. Unapoielekeza kwenye nafsi yake, anaacha kazi na kuanza kujilinda. Ukimwambia katibu kwamba taarifa ya mapato ilichelewa siku nne na wakulima hawakujua makato yao, atairekebisha taarifa. Ukimwambia ni mzembe, atatumia wiki nzima kuthibitisha kwamba si mzembe, na taarifa itachelewa tena. Hili linahusu pia sauti tunayojisemea wenyewe. Mtu anayejitathmini kwa kujitukana huchoka mapema, akaacha.

Watumishi wa umma watauliza: je, hatukuwa na OPRAS, ule mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi? Tulikuwa nayo. Serikali iliianzisha mwaka 2004, na kwa sura yake ilikuwa kitu kizuri. Mtumishi anakubaliana malengo na msimamizi wake, katikati ya mwaka wanayapitia, mwisho wa mwaka mtumishi anajipa alama, msimamizi anampa yake, kisha wanajadiliana na kuandika alama ya makubaliano. Moja ni bora sana, tano ni mbaya kabisa. Yaani mizani mbili na mazungumzo kati yake, hasa tunachokitafuta. Kwenye fomu nilizozijaza mimi, zangu na za walimu wangu, namba zote tatu zilikuwa zilezile. Moja, moja, moja. Mbili, mbili, mbili. Mazungumzo yalikuwa "weka sahihi hapa". Ninalisema hili nikijua nilikuwa mmoja wa waliofanya hivyo. Sababu haikuwa uvivu peke yake. Karatasi inayoangaliwa mtu anapopandishwa daraja haiwezi kuwa karatasi anayokiri udhaifu wake. Mfumo wa sasa wa PEPMIS unajazwa kwa kompyuta, lakini swali hilo la kibinadamu halibadilishwi na kompyuta. Nafikiri kiongozi anahitaji tathmini mbili zisizokutana: ya mwajiri, yenye matokeo kwenye mshahara, na nyingine ya faragha, ambayo inaweza kusema kweli kwa sababu hakuna atakayeitumia dhidi yake.

Sasa wale wanaojishusha. Kwenye chama chetu kuna mhasibu kijana, msichana aliyesoma hapa hapa mkoani. Misimu mitatu mfululizo vitabu vyake vimekaguliwa bila hoja, hata ule msimu ambao magunia ya katani yalichelewa na kila mtu alikuwa amechanganyikiwa. Tulipomshauri agombee nafasi ya juu zaidi alikataa. Alisema yeye anabahatisha tu, iko siku watamgundua. Nilimwuliza kazi gani anaiona ngumu. Akataja kulinganisha stakabadhi za ghala na malipo ya mnada, jambo ambalo nusu ya bodi yetu haiwezi kulianza, sembuse kulimaliza. Aliamini kila mtu analiweza kwa sababu yeye analiweza. Hiyo nayo ni mizani iliyoharibika, imeharibikia upande wa pili, na hasara yake haionekani kwa sababu kiti alichopaswa kukikalia kinakaliwa na mwingine aliyejipima kilo nyingi. Kwa mtu kama huyo unyenyekevu zaidi hautamsaidia. Anahitaji kuonyeshwa namba. Tulimkalisha na ripoti zake tatu za ukaguzi, tukazisoma naye ukurasa kwa ukurasa. Hajakubali bado, lakini ameacha kutumia neno kubahatisha.

Haya yote si mapya katika siasa za nchi hii. Mwanzoni mwa 1962, wiki chache baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili akaijenge TANU, na mwaka huohuo akaandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe. Aliwaandikia wanachama wa chama chake mwenyewe, kwamba ukweli haujali mkubwa wala mdogo, adui wala rafiki. Kinachonigusa ni muda aliouchagua: chama kilikuwa kimeshinda, kinashangiliwa kila kona. Huo ndio wakati mizani ya nyumbani inapodanganya zaidi.

Na hapa Mtwara tunaye Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, aliyeiongoza nchi kuanzia 1995 hadi 2005 na aliyezikwa kijijini kwao Julai 2020. Katika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka 2019 alikiri kwamba mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001 kule Pemba yaliacha doa katika urais wake. Marais wachache huandika neno kama hilo kwa mkono wao, nami namheshimu kwa hilo. Lakini kuna miaka kumi na minane kati ya tukio na maandishi. Kukiri baada ya kustaafu kunawasaidia wanahistoria na kunaweza kuwapa faraja waliofiwa. Kwa kiongozi anayetaka kukua, tathmini lazima imfikie wakati kalamu ya kutia sahihi bado iko mkononi mwake. Ndiyo maana naogopa sana kauli ya "historia itanihukumu". Wajumbe wa mkutano mkuu wapo leo, hapo chini ya mwembe, wanaweza kukwambia leo.

Ninachokifanya siku hizi nilikichukua kwa Peter Drucker, aliyeandika sana kuhusu uongozi wa mashirika. Alishauri kwamba kila unapofanya uamuzi mkubwa, andika unachotarajia kitokee, kisha baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili lilinganishe andiko hilo na kilichotokea. Kwa mtu wa kusini muda huo haumpi shida, msimu wa korosho umeshampangia. Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, inapogawiwa, kabla mikorosho haijachanua, tayari bodi imeamua mambo mengi: nani atakuwa karani wa mizani, lori la nani litatumika, mikutano ya wakulima itakuwa mingapi. Mimi naandika kila uamuzi nilioupigia kura, sababu yangu, na ninachotarajia. Faida ya kuandika ni kwamba kumbukumbu haiwezi kurekebishwa baadaye. Bila karatasi, kila mjumbe hukumbuka kwamba yeye alionya.

Kwa misimu miwili nimeona jambo ambalo nisingelijua kwa njia nyingine. Kwenye mambo ya fedha makadirio yangu hayako mbali. Kwenye watu nakosea, na nakosea kwa namna moja: mtu anayezungumza vizuri nampa uwezo kuliko alionao. Karani wa mizani niliyemtetea msimu uliopita kwa sababu ya ulimi wake ndiye tuliyelazimika kumwondoa Novemba, katikati ya mnada, wakulima wakiwa wamepanga foleni na magunia juani. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "atatuliza malalamiko." Niliisoma sentensi hiyo mbele ya bodi.

Msimu huu amependekezwa mwingine. Kijana mkimya, kwenye usaili alijibu kwa neno moja moja, na kila kitu ndani yangu kilitaka kumkataa. Nimempigia kura ya ndiyo, nikaandika sababu na matarajio yangu, nikayatia kwenye bahasha na kuifunga. Anayo mhasibu, kwenye droo yake yenye ufunguo, pamoja na za wajumbe wengine wanne waliokubali kuandika za kwao. Zitafunguliwa malipo ya mnada wa mwisho yakishaingia.